Ndege Huanguka Ikiwa Bado Mezani

(Maneno niliyowaambia wanafunzi wa klabu ya sayansi na wazazi wao, Jumamosi moja asubuhi hapa Dodoma, ndani ya darasa, ndege ndogo ya rimoti ikiwa juu ya meza mbele yetu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Mwalimu mlezi wa klabu, wazazi mliofika, na ninyi vijana mliokuwa mlangoni kabla hata darasa halijafunguliwa, asanteni kwa kunialika.

Ndege hii mnayoiona mezani ina kosa. Nimelitia mwenyewe jana usiku, kosa moja tu, na nikiirusha ilivyo sasa itakuwa chini kabla sijamaliza kuhesabu hadi tatu. Sitawaambia ni kosa gani. Itazameni wakati ninazungumza, mtanijibu mwishoni. Betri nimeiweka pembeni na itabaki pembeni kwa sasa.

Mchezo huu wa ndege ndogo za rimoti nimeucheza miaka mingi. Ndege nimevunja nyingi, na kila niliyoivunja nimekaa nayo chini nikatafuta sababu. Upepo nimeusingizia. Rimoti nimeisingizia. Lakini nikifungua kiwiliwili nakuta skrubu ambayo haikukazwa, waya uliolehemiwa kwa haraka, au betri iliyokaa sentimita 2 nyuma ya mahali pake. Ndege huanguka ikiwa bado mezani. Kinachotokea angani ni taarifa iliyochelewa kutufikia.

Ipo moja iliyoniuma kuliko zote. Sevo ya mkiani ilikufa, ile mota ndogo inayoinua na kushusha kibao cha mkia. Nikapata nyingine, nikaifunga usiku. Waya wake ulikuwa mfupi, kwa hiyo nikaigeuza nikaifunga upande wa pili ili waya ufike. Nilipoigeuza sevo, na amri ikageuka: nikivuta kijiti ili ndege ipande, kibao kinashuka. Sikujaribu. Nilifunga kifuniko nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa, akaishika ndege begani mwake, akanirushia vizuri kabisa. Pua ikainama kidogo, nikavuta kijiti niinyanyue, ikainama zaidi. Nikavuta zaidi. Mkono uliozoea jambo kwa miaka hauwezi kuligeuza ndani ya sekunde mbili. Mpwa wangu akaenda kuokota bawa, akarudi nalo akaniuliza, "Mjomba, kwani hukuijaribu kwanza?"

Swali lile la mtoto ndilo lililonileta hapa leo.

Tuanze na ndege yenyewe, kwa sababu kosa la kwanza kabisa hufanyika dukani. Kijana akipenda mchezo huu anataka ndege ya kivita. Namwelewa, zinapendeza. Lakini ndege ya kivita ina mabawa mafupi na inabebwa na mwendo mkali, ukipunguza mwendo inadondoka. Anayejifunza anahitaji muda wa kufikiri, na muda huo unapatikana kwenye ndege ya polepole. Ndege ya kwanza iwe na bawa lililokaa juu ya kiwiliwili, kiwiliwili kikining'inia chini yake kama kikapu. Ncha za bawa ziinuke kidogo upande huu na upande huu. Ndege ya umbo hilo ukiiachia kijiti inajirudisha sawa yenyewe, hata kama ulikuwa umeshachanganyikiwa. Urefu kutoka ncha hadi ncha uwe kama mita 1 au zaidi kidogo, na uzito usifike kilo 1. Iongozwe kwa vitu vitatu tu: nguvu ya mota, kibao cha kupanda na kushuka, na usukani wa mkiani. Vibao vya mabawani vitakuja baadaye, vina wakati wake.

Na mimi nashauri uijenge mwenyewe. Wazazi, najua mnaona boksi zuri lenye picha mnafikiri ndiyo zawadi bora. Ndege ya kununua ikivunjika, mtoto analia na inawekwa juu ya kabati. Ndege aliyoijenga ikivunjika, anajua kila kiungo chake na jioni hiyo hiyo inarudi mezani. Povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni na friji linatosha kwa kiwiliwili na mkia. Vijiti vya mishikaki vinakuwa mifupa. Bawa unalitia nguvu kwa utepe wa plastiki wenye nyuzi ndani, wa kufungia mizigo, ukiubandika kwa urefu wote upande wa chini. Angalizo moja la gundi: supaglu ya kawaida inayeyusha povu hilo, na rangi nyingi za kupuliza vilevile. Nimeona bawa zuri likigeuka kuwa jibini ya mashimo mbele ya macho ya aliyelijenga. Tumia gundi ya moto, kwa uchache, maana ina uzito, au gundi nyeupe ya mbao kama una subira ya kungoja usiku kucha. Siku zote jaribu kwanza kwenye kipande ulichokata ukakitupa.

Bawa usiligundishe kwenye kiwiliwili. Lifunge kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, vile vile mnavyofunga manati. Ndege ikigonga ardhi bawa linaruka kutoka mahali pake badala ya kukatika, unalirudisha, unaendelea. Pesa yako iweke kwenye rimoti na chaja. Ndege zitakuja na kupita. Rimoti nzuri utakaa nayo miaka, utairushia ndege ya kwanza na ya ishirini.

Sasa nataka tukae kwenye jambo moja kwa muda, kwa sababu hapa ndipo ndege nyingi za wanaoanza zinapofia. Uwiano.

Ndege ina mahali pake pa kubebeka. Ukiweka kidole kimoja chini ya bawa la kushoto na kimoja chini ya bawa la kulia, ukainyanyua, lazima itulie, pua ikiwa sawa na mkia au imeinama kidogo tu. Mahali hapo ni wapi? Pima upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma. Kama ni sentimita 20, vidole vyako viwe sentimita 5 hadi 6 na nusu kutoka ukingo wa mbele; yaani kati ya robo na theluthi. Kwa anayeanza nasema robo. Piga alama kwa kalamu chini ya bawa ili usikisie kila siku. Na upime ndege ikiwa kamili, betri ndani, pangaboi limefungwa, kila kitu kama itakavyokuwa angani.

Ikiwa nzito puani, itakuwa na usumbufu: itataka kushuka, utavuta kijiti sana, wakati wa kutua itakimbilia chini. Lakini utairudisha nyumbani. Ikiwa nzito mkiani ni habari nyingine kabisa. Pua inapanda yenyewe, mwendo unaisha, unashusha, inapitiliza, unainua, inapitiliza tena, na kila unachofanya kinazidisha. Wakubwa wenye uzoefu huweza kuitua, mwanafunzi hawezi. Sababu yake ni kwamba mkia hufanya kazi ya kurudisha ndege sawa, kama manyoya ya mshale, na uzito ukienda nyuma, mkono wa mkia unakuwa mfupi na nguvu yake ya kurekebisha inapungua. Ndiyo maana mshale una chuma mbele na manyoya nyuma.

Dawa yake huwa rahisi. Sogeza betri mbele kabla ya kufikiria kuongeza kipande cha risasi. Betri ndicho kitu kizito kuliko vyote ndani ya ndege, sentimita 2 zake zinabadilisha kila kitu. Kijana mmoja aliniletea ndege iliyoruka vizuri wiki nzima halafu siku hiyo ikamshinda. Tulitafuta saa nzima. Kumbe aliazima betri ndogo ya mwenzake, gramu 60 pungufu, na gramu hizo zote zilitoka puani.

Tunaporushia sisi pana mambo yake pia. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Bawa linabebwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, ndege lazima iende kasi zaidi ili ibebwe vilevile. Pangaboi nalo linashika hewa kidogo. Saa saba mchana wa jua kali hewa inazidi kuwa nyepesi. Ndiyo maana ndege ya rafiki yako wa Tanga, aliyoirusha ufukweni bila shida, ukiijenga hapa kwa uzito uleule utaiona inachelewa kushika hewa. Kila gramu unayoikata mezani inakurudia uwanjani.

Na upepo wa huku mnaujua kuliko mimi. Kiangazi unaamka na jua, na kufika saa nne unabeba vumbi. Mwanafunzi arushe kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, basi, afunge. Nyasi zikianza kulala, ndege ibaki kwenye boksi. Siku zote rusha ukiwa umeelekea upepo unakotoka, na utue hivyo hivyo.

Wazazi, sehemu hii ni yenu. Betri za ndege hizi ni za lithiamu za pakiti laini, tunaziita lipo. Zina nguvu nyingi kwa uzito mdogo, na zikikosewa zinawaka moto. Si moto wa kuzima kwa glasi ya maji. Kila seli ikijaa ina volti 4.2, kwa hiyo betri ya seli tatu inajaa kwenye 12.6. Isishuke kamwe chini ya volti 3 kwa seli, na ni bora uitue ndege ikiwa imebaki 3.6 hivi. Ukimaliza kurusha usiihifadhi ikiwa imejaa wala tupu; ikae volti 3.8 kwa seli. Kuchaji: betri ya mAh 2,200 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri) ichajiwe kwa ampea 2.2, usizidishe kwa sababu una haraka. Tumia chaja inayosawazisha seli, yenye ule waya mdogo mweupe. Chaji juu ya sakafu ya saruji, betri ikiwa ndani ya chungu cha udongo kisichofunikwa, ndoo ya mchanga mkavu karibu, mbali na godoro na pazia. Na mtu awepo. Asichaji usiku akalala. Nimeshawahi kuona betri iliyoachwa kwenye gari lililoegeshwa juani. Ilivimba kama andazi. Iliyovimba haitumiki tena, haitobolewi, haikandamizwi irudi kuwa bapa.

Pangaboi nalo liheshimuni. Linalozunguka mara elfu nane kwa dakika halijui kama ni nyasi au kidole. Kila mnapofanya majaribio mezani, livueni kwanza. Nikikuta mtu kwenye klabu hii anaunganisha betri mezani pangaboi likiwa limefungwa, siku hiyo hatarusha, hata awe mtoto wangu.

Rimoti zimekuwa bora sana. Zamani warushaji walikuwa wakigawana mikondo ya mawimbi ya redio, na mtu mmoja akiwasha rimoti yake kwenye mkondo wa mwenzake, ndege iliyoko angani ilikuwa imekwisha. Ndiyo maana viwanja vilikuwa na ubao wa vibanio, na usiyeshika kibanio cha mkondo wako hukuruhusiwa kuwasha. Rimoti za sasa za gigahezi 2.4 zinajitafutia nafasi zenyewe, na kila risiva, kile kipokeo kilichomo ndani ya ndege, inamsikia bwana wake mmoja. Lakini bado kuna mazoea ambayo hayajafutwa. Washa rimoti kwanza, kisha ndege. Ukizima, zima ndege kwanza, kisha rimoti. Pima umbali: weka rimoti kwenye hali ya nguvu ndogo, tembea hatua 30, mwenzako aangalie kama vibao bado vinatii. Na uiweke risiva hivi kwamba mawasiliano yakikatika, mota inazima yenyewe. Ndege isiyo na bwana angani haipaswi kuwa na nguvu.

Kuhusu kurusha kwenyewe nitasema machache, maana hayo yanafundishwa kwa mkono. Kabla ya kugusa ndege ya kweli, fanya mazoezi kwenye kompyuta; zipo programu za kurusha ndege, nyingine ni za bure, na ajali ya kwenye skrini haigharimu kitu. Rusha hapo saa nyingi mpaka vidole viache kuuliza. Kinachowashinda wengi ni ndege inapokuja kuelekea kwako: kulia kwake kunakuwa kushoto kwako. Shika hili moja: ikikuelekea, bawa linaloinama, peleka kijiti upande huohuo wa bawa lililoinama, kama mtu anayesimika nguzo chini yake. Litanyanyuka. Na usiilaze sana wakati wa kukata kona. Ndege iliyolala nyuzi 60 ikikata kona bila kupoteza kimo, mabawa yake yanabeba uzito mara mbili. Kama mwendo ulikuwa mdogo, bawa linaacha kubeba na unaiona inajikunja na kudondoka. Panda juu kwanza, kisha jifunze. Urefu wa mita 50 ni muda wa kusahihisha kosa.

Siku ya kwanza usiwe peke yako. Awepo mkubwa anayejua, rimoti ianze mikononi mwake, akishaiweka sawa juu akupe, na ukikwama umrudishie bila aibu.

Kuhusu mahali: uwanja wa ndege wa hapa umekaa ndani ya mji kabisa, na ndege zenye watu zinashuka juu ya vichwa vyetu. Msirushe karibu yake, msirushe karibu na kambi, wala juu ya watu, wala juu ya barabara. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ndiyo inayosimamia vyombo vinavyoruka bila rubani ndani. Mwalimu mlezi aende akaulize kwa niaba ya klabu kabla ya mtu yeyote kwenda porini. Mwenye shamba naye aombwe, na wachungaji wasalimiwe. Ng'ombe aliyeshtushwa na ndege yako ni mali ya mtu.

Kuna anayeniuliza, kwa nini mabawa, wakati zipo droni za mapangaboi manne zinazosimama hewani zenyewe? Jibu langu ni kwamba droni ile kompyuta yake inakufanyia kazi yote, na ukiizoea unaweza kukaa miaka miwili bila kuijua hewa. Na bawa bado lina kazi duniani. Tazameni majirani zetu Rwanda: tangu 2016 damu ya hospitali inapelekwa kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na ndege hizo ni za mabawa. Zinarushwa kwa manati kubwa, zinadondosha boksi kwa parachuti ndogo, zinarudi na kudakwa kwa kamba. Walichagua mabawa kwa sababu betri ileile inaifikisha mbali zaidi ikibebwa na bawa kuliko ikining'inizwa na mapangaboi.

Alikuwapo pia mzee mmoja ambaye namkumbuka kila nikikaa mezani, Maynard Hill wa Marekani. Tarehe 9 Agosti 2003 ndege yake ndogo iliondoka Cape Spear, pembe ya mashariki ya Kanada. Uzito wake pamoja na mafuta haukuzidi kilo 5. Kuondoka na kutua iliongozwa kwa rimoti. Katikati ya bahari ilijiongoza yenyewe kwa kufuata setilaiti. Baada ya takriban saa 39 na karibu kilomita 3,000 juu ya Atlantiki, ilitua Ayalandi. Hill alikuwa na miaka 77 na macho yake yalikuwa karibu kutoona kabisa. Aliijenga kwa mbao nyepesi za balsa, akiongozwa zaidi na vidole. Ndege za kabla yake zilipotea, nyingine baharini kabisa, na kila moja ilimrudisha mezani kupunguza gramu na kubana mafuta. Wengine wanasimulia safari ile kama habari ya bahari. Mimi naiona meza yake, na yule mzee akipapasa kiungo kimoja baada ya kingine kabla hajakubali ndege itoke nje.

Haya. Jua bado halijakaza na nyasi pale nje zimesimama. Pangaboi nalivua, hili hapa, liko mfukoni mwangu. Rimoti nimeiwasha. Sasa naunganisha betri.

Binti uliyekaa mbele, njoo ushike rimoti. Simama nyuma ya mkia, ndege ikiangalia mbele kama wewe. Vuta kijiti cha kulia polepole kuja kwako. Sasa kipeleke kulia. Rudia. Na ninyi wengine, msinitazame mimi, tazameni vibao.